Mbeleko na Rungu

Hapo zamani za kale, wanangu, kabla kuku hajahamia uani kwa watu, wanyama walikuwa na kijiji chao kikiitwa Bwawani. Sogeeni karibu. Wewe wa nyuma, futa makamasi kwanza. Haya, sasa tunaweza kwenda.

Bwawani palikuwa na nyumba, mashamba ya mtama, ghala moja la kijiji kizima, na hapo kando ya ghala bwawa moja la maji matulivu. Kila mkazi alikuwa na kazi yake. Hakuichagua mwenyewe. Aliirithi tu, kama vile wewe ulivyorithi masikio ya babu yako.

Na kazi hizo zilianzaje? Kwa kichekesho. Siku moja ya mvua, babu wa mababu wa Kiboko alipita karibu na ghala akashikwa na usingizi, akalala papo hapo mlangoni. Wezi wakaja, wakakuta mlango umezibwa, wakarudi walikotoka. Kulipokucha kijiji kikashangilia, ikaamuliwa kwamba ukoo wa Kiboko utalinda ghala milele. Mzee mwenyewe wakati huo alikuwa bado anakoroma, khoroo, khoroo.

Siku nyingine, bibi wa mabibi wa Nungunungu aliwakuta watoto wa kijiji wamezuiwa njiani na chui. Akamgeuzia chui mgongo, akatikisa miiba yake, chwa-chwa-chwa-chwa! Chui akaondoka na miiba mitatu puani. Watu wa Bwawani wakasema, huyu mama anajua watoto. Ikaamuliwa kwamba ukoo wa Nungunungu utalea watoto milele.

Mmeshaona kosa, enhe? Nyinyi ni werevu. Bwawani aliyeliona alikuwa mmoja tu, naye hakuwa mkubwa kuliko kiatu cha baba yako.

Huyo alikuwa Panya Buku, jina lake Bi Mashavu. Macho yake hayakuona mbali, lakini pua yake, wee! Kazi yake ilikuwa kuingia ghalani kila asubuhi na kunusa mtama, fnf fnf fnf, ajue upi mkavu na upi umeanza ukungu. Hakukosea hata siku moja. Bahati ilikuwa imempa kazi iliyolingana na pua yake, na kwa sababu hiyo aliona upesi pale bahati ilipowanyima wengine.

Mlango wa pili kutoka kwake aliishi Nungunungu kijana, jina lake Mwajabu. Mama yake alifariki masika yaliyopita. Kabla ya kukata roho alimkabidhi mbeleko ya kubebea watoto, akamwambia, "Watoto usiwaache, mwanangu." Mwajabu akaipokea mbeleko kwa mikono miwili, na tangu siku hiyo akawa yaya wa Bwawani. Mashavu alikuwa rafiki wa mama yake, kwa hiyo Mwajabu alimwita Shangazi, na Mashavu alimpenda kama mmoja wa watoto wake watano.

Sasa, hakuna aliyewapenda watoto kama Mwajabu. Alijua nani anaogopa radi na nani hanywi uji mpaka upoe. Aliwasimulia hadithi hata kobe mdogo akasahau kujificha. Tatizo lilikuwa moja. Mtoto akijikwaa na kulia, Mwajabu alishtuka, na nungunungu akishtuka miiba husimama yenyewe. Hairuhusiwi na mtu, haizuiwi na mtu. Alikuwa akikimbia kumkumbatia mtoto, na badala ya kilio kimoja vinasikika vitatu.

Alijaribu kila njia. Alijipaka matope yakauke yaishike miiba, yakabanduka. Alijifunga majani makavu ya mgomba, miiba ikayatoboa, tp, tp, tp. Mbeleko ya marehemu mama yake ikawa na matundu mengi kuliko kitambaa.

Kila jioni Mashavu alikwenda kuwachukua watoto wake, na mara nyingi alimkuta kitinda mimba wake, Kidawa, analia kwa sababu ya mwiba kwenye matako, na Mwajabu analia zaidi yake. Mashavu aliuchomoa mwiba, akambusu mtoto, kisha akakaa kumbembeleza yaya. Alisema moyoni kwamba hili jambo haliwezi kuendelea.

Na kweli halikuendelea. Siku moja mtoto wa Digidigi alirudi nyumbani na tundu sikioni. Mama Digidigi akaenda moja kwa moja kwa Jumbe.

Jumbe wa Bwawani alikuwa Twiga, mama wa makamo, mwenye haki na mwenye haraka. Masikio yake yalikuwa juu sana, kwa hiyo kila shauri pale kijijini lilisemwa kwa sauti kubwa. Ukinong'ona, Jumbe hakusikia, na neno ambalo Jumbe hakulisikia lilihesabiwa kwamba halijasemwa. Hiyo ilikuwa sheria. Mama Digidigi alipiga kelele mpaka akasikika, na Jumbe akatoa hukumu yake mbele ya watu wote: mtoto mmoja tena akichomwa, Mwajabu atahama. Asiye na kazi Bwawani hana nyumba Bwawani.

Mashavu akakimbia kwa Mwajabu. Akamkuta amekaa nyuma ya mlango, ameuma kitambaa kwa meno, anang'oa miiba yake mmoja mmoja. Tayari alikuwa na uwazi begani wenye ukubwa wa kiganja, na damu inachuruzika.

"Mwajabu! Unafanya nini?"

"Naitoa yote, Shangazi. Ikiisha nitaweza kuwabeba."

 Mashavu alimpokonya mwiba aliokuwa ameushika, akatafuna majani, akambandika begani.  Alikuwa na huzuni, na chini ya huzuni alikuwa na hasira, si kwa Mwajabu, bali kwa kijiji kinachomfanya mtoto wa watu ajinyonyoe kama kuku wa sikukuu.

"Usiing'oe tena," alimwambia. "Nipe siku nne tu. Unaniahidi?"

Mwajabu aliahidi, ingawa hakujua anaahidi kwa ajili ya nini. Mashavu mwenyewe alikuwa hajajua bado.

Alijua kesho yake asubuhi, alipokwenda ghalani kunusa mtama. Mlangoni alimkuta mlinzi, Kiboko, aliyeitwa Bwana Shomari. Mlinzi huyo alikuwa mnene wa kuziba njia, na begani ameegemeza rungu la babu yake. Kwa mbali ungemwogopa. Kwa karibu ungemwonea huruma, maana ngozi ya kiboko haikuumbwa kukaa juani. Ilikuwa imepasuka mgongoni kama udongo wa kiangazi. Kila siku jua likiwa la utosi, Shomari alivumilia, akavumilia, halafu akaangalia kulia na kushoto, akateremka bwawani, chubwi! Na kila alipoteremka, mwizi aliingia ghalani.

Fnf fnf. Mashavu alinusa sakafu. Mbweha, tena wa jana. Mtama ulikuwa umepungua kwa vikapu viwili. Mlinzi alijua, na aibu ilimfanya asimtazame mtu usoni.

Lakini Mashavu alisikia jambo jingine asubuhi ile. Shomari, akidhani yuko peke yake, alikuwa anaimba. Hakukuwa na maneno, ni mngurumo tu wa chini kabisa, mmmm, mmmm, unaotoka tumboni. Mashavu, mama wa watoto watano, mwenye kazi nyingi na usingizi kidogo, alijikuta amekaa chini na kope zimekuwa nzito. Alizinduka akacheka peke yake ndani ya mtama.

Hapo akaikumbuka desturi ya kushikiana.

Bwawani mtu hakuweza kubadilisha kazi. Lakini akipatwa na ugonjwa au msiba, aliweza kumwambia jirani, "Nishikie." Jirani akachukua kazi na chombo cha kazi. Mwenye kazi akipona, anasimama mbele ya Jumbe anasema kwa sauti, "Nirudishie," na anarudishiwa. Ila likizama jua la tatu na hajasema, kazi inabaki kwa aliyeishika. Hakuna aliyewahi kusahau kusema. Nani asahau kazi ya babu yake?

Mashavu alimrudia Shomari kwa upande wa mbele, akamwamkia vizuri. Akamwambia kwa masikitiko kwamba Mwajabu mgonjwa. Si ugonjwa wa mwili, ni ule wa kufiwa. Anahitaji siku tatu za kukaa mahali pa kimya, kama pale mlangoni pa ghala, lakini ana haya, hawezi kuomba. Laiti angepatikana mtu mwenye moyo mkubwa wa kushikiana naye, na kujifanya kwamba mhitaji ni yeye.

"Mimi nilee watoto?" Shomari alijitazama tumbo. "Bi Mashavu, nikikosea nikakaa vibaya, tutazika."

"Hutakaa. Utalala bwawani, maji yafike shingoni, wao wacheze juu ya mgongo. Mgongo wako ni uwanja, Bwana Shomari. Siku tatu tu. Kwa ajili ya marehemu mama yake."

Shomari alifikiria maji yakifika shingoni, mchana kweupe, bila kujificha. Kisha akamfikiria yule yatima. Akakubali, na nadhani yote mawili yalichangia.

Mashavu hakupumzika. Akakimbia mpaka kwa Mwajabu, akamwambia kwa masikitiko yaleyale kwamba Bwana Shomari mgonjwa wa ngozi. Anahitaji siku tatu za maji, lakini ana kiburi cha wanaume, hawezi kuomba. Laiti angepatikana mtu mwenye moyo wa kushikiana naye, na kujifanya kwamba mhitaji ni yeye.

"Maskini," Mwajabu akasema. "Na watoto?"

"Watakuwa naye majini. Siku tatu, mwanangu. Huoni ngozi yake?"

Mwajabu alikuwa ameiona. Jioni ile ile wote wawili walikwenda kwa Jumbe, kila mmoja akapaza sauti kumwambia mwenzake "Nishikie," na kila mmoja akampa mwenzake chombo chake kwa upole mkubwa, kama anayempa mgonjwa uji. Kila mmoja alidhani anamsaidia mwenziwe. Rungu lilikuwa zito, Mwajabu akaliburuta. Mbeleko haikumzunguka Shomari hata kwa nusu, akaining'iniza sikioni.

Mashavu alisimama kando anakunakuna pua. Alikuwa amedanganya watu wawili kabla ya kula chakula cha usiku, na mmoja wao alimwita Shangazi. Moyo haukumtulia.

Siku ya kwanza akina mama walikaa ukingoni mwa bwawa wanauma kucha. Hakuna kilichotokea. Watoto walipanda mgongo wa Shomari, wakateleza, chubwi, wakapanda tena. Mtoto wa Digidigi alianguka akalia, Shomari akamnyanyua kwa pua yake pana, taratibu, akamrudisha mgongoni. Hakukuwa na kilio cha pili. Mchana akaanza mmmm, mmmm, na watoto wote kumi na wawili wakalala. Mama mmoja naye akalala ukingoni.

Siku ya pili Mwajabu alizoea ghala. Ulikuwa mlango mwembamba wenye kivuli. Aliliegemeza rungu ukutani, hakulihitaji. Akisikia unyayo, alishtuka. Akishtuka, miiba ilisimama. Ikisimama, ilijaza mlango mzima. Kwa mara ya kwanza maishani alishtuka bila mtu kulia. Lakini kila jioni alimwuliza Mashavu habari za watoto. Kidawa amekula? Kobe mdogo amelala bila hadithi? Mashavu alimjibu, na kila jibu lilikuwa gumu kulitoa.

Siku ya tatu ndiyo ilikuwa yenyewe. Mashavu alijua kwamba jua likikaribia kuzama, wote wawili watataka kusema "Nirudishie." Shomari kwa sababu ya rungu la babu, Mwajabu kwa sababu ya neno la mama. Ilimpasa awazuie wote wawili kwa wakati mmoja, naye ni mdogo kuliko kiatu.

Asubuhi alipita karibu na shimo la Mbweha, anazungumza peke yake kwa sauti, kama wazee wanavyofanya. Alisikitika kwamba ghala siku hizi linalindwa na binti mmoja anayelialia, tena leo jioni watu wote watakuwa bwawani. Ndani ya shimo pakawa kimya sana, kimya cha mtu anayesikiliza.

Mchana aliwachezesha watoto. Ilipofika saa ya kulala hakuwaacha walale. Kimbizeni panzi! Tafuteni mawe meupe! Nani atafika kwanza kwenye kichuguu? Watoto wakakimbia mpaka ndimi nje. Jua lilipoanza kuinama wakapanda mgongo wa Shomari wenyewe, mmoja mmoja, wakaanguka usingizini kama magunia. Kidawa alijikunja ndani ya sikio la Shomari, akavuta pindo la mbeleko akajifunika.

Jumbe Twiga akaja na kijiji nyuma yake. Akauliza kwa sauti yake ya mbali kama kuna mwenye neno kabla jua halijazama.

Shomari alikumbuka rungu. Akafungua kinywa, na kinywa cha kiboko kikifunguka mnajua wenyewe. Akavuta pumzi. Mgongo ukapanda, watoto wakapanda nao, na Kidawa akageuka usingizini akasema, "Mmm."

Shomari akafunga kinywa polepole.

"Nirudishie," alinong'ona.

"Nini?" Jumbe akauliza huko juu. "Sauti!"

"Nirudishie," alinong'ona tena. Neno halikupita hata magoti ya Jumbe. Mashavu, ukingoni, alikuwa anahesabu pumzi. Jua likagusa nyasi. Likawa nusu. Likawa ukucha. Likaisha.

"Limezama!" Mashavu alisema, akaruka juu. Akasahau kwamba wanaoshinda kwa hila hawapaswi kuruka.

Jumbe Twiga aligeuza shingo akatazama magharibi. "Kwako limezama, Bi Mashavu," alisema. "Mimi niko juu, bado naliona. Tena namwona mtu mdogo anayefurahi sana na jambo lisilomhusu." Kisha, mama huyu mwenye haraka akafanya jambo alilolifanya mara chache sana. Alitanua miguu ya mbele, akainama, akainama, akainama, mpaka sikio lake likawa karibu na mdomo wa Kiboko. "Haya, Bwana Shomari. Nakusikia. Unong'one."

 

Shomari alikuwa na nafasi sasa. Angeweza kusema neno moja na kurudishiwa rungu la babu, na jua la utosi, na aibu ya kila mchana. Alipumua kidogo kidogo. Jicho lake moja lilimtazama Kidawa aliyelala ndani ya sikio.

"Waambie watu wapunguze kelele," alinong'ona. "Watoto ndiyo kwanza wamelala."

 Jumbe, bado ameinama, akauliza kama hilo ndilo neno lake lote. Shomari akasema ndilo.

Wakati huohuo kutoka ghalani ikasikika chwa-chwa-chwa-chwa! na baada yake ukelele wa mtu mzima, na baada ya ukelele sauti ya Mwajabu ikimwita Shangazi. Watu wote wakakimbia. Mwajabu alikuwa ameziba mlango, uso nje, mgongo ndani, miiba imesimama ukuta kwa ukuta. Ndani, kwenye kona, Mbweha alikuwa amekaa juu ya mtama na miiba minne mkiani, anaomba atolewe tafadhali. Alikuwa amemruka mlinzi akifikiri ni binti wa kulialia. Kuingia alipata, kutoka hakupata.

Kijiji kikashangilia. Mwajabu hakushangilia. Alikuwa anatazama magharibi.

"Jumbe," alipaza sauti, "jua limezama? Nilitaka kuja, sikuweza kuondoka mlangoni. Nilikuwa na neno la kusema."

"Lipo kidogo bado," Jumbe akajibu kutoka juu. "Sema."

Hapo Mashavu alitangulia mbele, kwa sababu kuna mahali ambapo hila inaishia hata kwa mwenye hila. Alisimama mbele ya pua ya Mwajabu, pua kwa pua, akasema haraka kabla hajaogopa.

"Nimekudanganya, mwanangu. Bwana Shomari hakuomba. Na yeye nimemdanganya, nilimwambia mgonjwa ni wewe. Mbweha nimemleta mimi, ili usiweze kuondoka. Nisamehe. Sasa unajua yote, sema unachotaka."

 Machozi yakamjaa Mwajabu.

"Kwa hiyo hata wewe, Shangazi, unaona siwafai."

"Naona unawapenda kuliko sisi sote," Mashavu akasema. "Lakini ulikuwa unang'oa mwili wako mwenyewe ili uwafae. Na mimi, mama yako akiniuliza siku moja, nitamjibu nini?"

Mwajabu aligusa bega lake, pale penye uwazi. Vijiiba vipya vilikuwa vimeanza kuchomoza, laini bado. Akatazama nyuma, kwenye mtama wote ambao watoto wa Bwawani wangeula mwaka mzima, na mwizi aliyeshindwa kutoka nao.

"Mama alisema nisiwaache," alinong'ona.

"Chakula chao umekilinda leo. Hiyo ni kuwaacha?"

Jumbe alipaza sauti kwamba limebaki kama ukucha wa mtoto. Mwajabu akafumba macho. Watu wote walisubiri, na hakusema kitu, na hakusema kitu, mpaka Jumbe mwenyewe, kutoka juu kabisa, akasema limezama.

Basi ikawa hivyo. Rungu likabaki ghalani, wakalitumia kuzibia dirisha. Mbeleko ikabaki sikioni kwa Shomari, na Kidawa hakukubali kulala bila kujifunika nayo. Mashavu aliadhibiwa kwa kuwachezea Jumbe na kijiji kizima: mwezi mzima, kila akitaka kusema neno, ilimbidi kwanza apande kichuguu. Alipanda bila kulalamika. Na Jumbe, tangu siku ile, alianza kuinama kidogo kidogo na kuwauliza vijana wa Bwawani wanaweza nini, kabla ya kuwaambia babu zao walifanya nini.

Na siku ya nne? Siku ya nne Mwajabu alikaa mlangoni pa ghala, kazi yake mwenyewe sasa, na moyo wake mzito kiasi. Mchana akasikia miguu midogo, mingi. Akashtuka, miiba ikasimama, chwa! Lakini iliangalia nyuma, ndani ya ghala. Mbele, watoto kumi na wawili walikuwa wamejipanga kwa usafi, bado wana maji ya bwawa.

"Bwana Shomari hajui hadithi," Kidawa akasema. "Anajua kunguruma tu."

Kisha akasogea, akaiweka pua yake ndogo juu ya pua ya Mwajabu, akaibakiza hapo. Maana upande wa uso, wanangu, nungunungu hana hata mwiba mmoja. Siku zote zile walikuwa wakimkumbatia mgongoni.

Hadithi yangu imefika nyumbani, nami nimeisindikiza mpaka mlangoni. Kabla hamjachagua kazi, wanangu, tazameni kwanza mmeumbwaje, na msing'oe chochote.